Konokono Bila Nyumba

Sur, 22 Juni 2024

Shangazi Tamima,

Shikamoo. Mie mzima, ila midomo imepasuka kwa chumvi. Wewe je, na magoti, na presha? Msalimie jirani Azza, umwambie paka wake asizowee jikoni kwetu, maana sasa hakuna wa kumfukuza. Ile nyama ya shuwa, iliyopikwa shimoni, ulonifungia baada ya Idi, wenzangu waliimaliza njiani. Mie nilibaki na karatasi.

Nimepata chumba nyuma ya duka la spea za magari. Tunalala watatu. Wawili wanakoroma, wa tatu ndiye mie.

Kazi ndiyo ile nilokwambia. Asubuhi tunakwenda na gari mpaka upande wa Ashkhara, tunapanda boti, tunazama. Ustadha Manar, yule mwalimu wa chuo aliyenichukua, anapiga picha. Kazi yangu mie kutafuta. Tunatafuta konokono uchi. Ndiyo, umesoma sawa. Konokono asiyekuwa na gome. Mdogo kama kokwa ya tende, lakini rangi zake utasema kanga ya harusi. Mbele ana pembe mbili, ndizo pua zake. Mgongoni ana manyoya yamefunguka kama ua, ndiyo anavutia pumzi. Ukimgusa anayaficha yote. Tukimpata lazima ajulikane jina lake, na hapo ndipo watu wanapogombana, maana wengi wanafanana. Wewe uliyezaliwa Zanzibar, huyu mlikuwa mkimwitaje?

Chini ya maji hakuna anaeniuliza kitu nikajibu. Wajua ulimi wangu unavyokwama. Ndiyo maana naandika, sipigi simu. Na wewe simu wasema inakula maneno.

Sasa shangazi. Tulikubaliana. Mie nije Sur mpaka upepo wa khareef uishe, na wewe uende Nizwa ukatazamwe macho. Mie nshakuja. Wewe umekwenda? Usinambie unaona. Nilikuwa nakutazama jikoni. Ukimimina chai unatia kidole ndani ya kikombe upate kujua imefika wapi. Ukiungua unasema mdudu kakuuma.

Barua hii nampa Muhanna, yule dereva wa gari la samaki, anapita Ibra kila wiki. Nimeandika herufi kubwa usipate tabu. Nijibu kwa mkono wako.

Mwanao,
Sinan


Ibra, 5 Julai 2024

Mwanangu Sinan,

Marahaba. Barua yako imefika. Inanuka samaki, lakini hilo si kosa la mtu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Azza anakusalimu. Paka anakusalimu, kalala kwenye kiti chako. Joto la Ibra mwaka huu halina haya, maji ya bomba inaunguza mkono.

Hilo neno uchi usiandike tena kwenye barua. Barua inasomwa kwa sauti na dirisha liko wazi. Mume wa Azza alikuwa anapita na mikate yake, akasikia uchi, uchi, uchi, akasimama. Sasa anadhani nini kuhusu nyumba hii? Muite konokono bila nyumba. Kama wewe, ulieacha nyumba ukaenda kulala na watu wanaokoroma.

Zanzibar hatukuwa na jina lake. Sisi watoto wa kike wa mjini, baharini hatukuachiwa kuingia. Tulikuwa na konokono wa ukutani tu, na tulikuwa tunamtia chumvi. Mungu atusamehe.

Ulipoondoka nilikuona umekonda. Kula.

Mambo ya Nizwa usiniharakishe. Macho yangu ni nzima. Juzi nimekaa mlangoni nikaona mbuzi juu ya jabali, tena nikajua ni wa nani. Miadi nimepewa tarehe nyengine.

Muhanna ni kijana wa maana sana. Mtu wa wakati.

Shangazi yako,
Tamima
(nimeandika mwenyewe)


Sur, 14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mie mzima kiasi. Nashukuru umejibu. Azza na mumewe nisalimie, na huyo mume mwambie aende na mikate yake.

Barua yako umeiandika tarehe tano, mie nimeipata jana. Nilipomuuliza huyo mtu wako wa wakati, kainama, kaitoa chini ya kiti cha gari pamoja na soksi. Karatasi imelowa pembeni. Kijana wa maana gani, shangazi? Watu wa hapa wanamuita Muhanna Bukra. Kila kitu kwake ni kesho.

Hapa baridi. Najua hutasadiki. Khareef ikivuma, maji ya chini yanapanda juu, na yanakuja na baridi yake. Bahari yote imekuwa kijani kama mchuzi wa mchicha, mkono wako mwenyewe huuoni vizuri. Navaa nguo ya mpira na bado meno yanagongana. Ustadha anasema hayo maji baridi ndiyo yanayoleta chakula, na chakula ndicho kinacholeta konokono. Kwa hiyo tukitetemeka ndiyo tunafurahi.

Juzi nimemuona mmoja sijawahi kumuona. Mwekundu, anang'aa, kakaa juu ya jiwe. Nikagonga mtungi wa hewa kwa kisu kumwita Ustadha. Akaja, akatazama, akacheka mpaka mapovu yakamtoka. Kilikuwa kipande cha puto la mtoto. Sasa kwenye boti wananiita Abu Puto.

Lakini jana nimempata Bi Pete. Hilo jina nimempa mie, la kwake la vitabuni refu kama treni. Mweupe, ana madoa ya manjano, na pete mbili za zambarau: moja imezunguka pembe, nyengine imezunguka manyoya. Nimekuchorea hapa chini. Uniambie kama umempenda.

Kitu kimoja. Umeandika "maji ya bomba inaunguza". Nimesoma mara mbili. Wewe uliyenipiga mwiko wa ugali kwa sababu nilisema maji imemwagika. Nikadhani umechoka. Ulikuwa umechoka?

Na Nizwa lini?

Sinan


Ibra, 26 Julai 2024

Sinan mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Azza kajifungua mtoto wa kike, wamemwita Shahad, analia vizuri, sauti kama ya mnadi. Joto limezidi. Maji yanaunguza, chai yanaunguza, kiti yanaunguza, kila kitu yanaunguza. Umefurahi sasa?

Baridi gani unayonambia mimi? Huku watu wanalala juu ya vigae bila shuka, wewe unatetemeka. Ama una homa unanificha, ama umejifunza uongo huko Sur. Nimekutumia sweta la marehemu babako. Vaa. Usimpe mtu. Ukilipoteza usirudi.

Konokono wako nimemuona. Mzuri. Rangi zake nzuri sana, nyekundu na nini.

Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Mtu akiandika usiku anakosea. Usinifundishe mimi Kiswahili, mimi ndiye niliyekufundisha wewe mezani na unga mikononi.

Nizwa nilikuwa niende wiki ilopita, lakini gari hakuna. Kisha presha. Kisha mtoto wa Azza. Usiniulize kila barua kama polisi.

Huyo Muhanna watu wanamuonea. Barabara ndefu, barafu linayeyuka, samaki wana haraka, na bado yeye anakumbuka barua za watu. Wengine wangezitupa wadini, kwenye mto mkavu.

Shangazi yako,
Tamima


Sur, 4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Azza hongera. Shahad jina zuri. Sweta limefika, nimelivaa kwenye boti, mwezi wa nane, watu nusura waanguke majini kwa kucheka. Leo asubuhi wawili kati yao wameniomba niwaazime. Sikuwapa.

Shangazi, mie sikupaka rangi. Nilichora kwa kalamu nyeusi. Nyekundu umeiona wapi?

Na "chai yanaunguza". Na "kiti yanaunguza". Nimeikunja barua nikaiweka, nikaifungua tena. Hukosei hivyo wewe hata ukiwa na homa. Uliwahi kumrudisha fundi wa bomba mlangoni kwa sababu kasema "mabomba imeoza", ukamwambia nenda kwanza kajue yameoza ndipo uje kuyatengeneza.

Basi sikiliza nikuambie tunavyofanya kazi. Mwanzo mie nilikuwa natazama rangi. Huyu mweupe na madoa ya manjano, basi ni Bi Pete. Ustadha akanambia rangi inadanganya, wapo wawili wanaovaa nguo moja. Mmoja pete zake zimeachana, huku moja na huku moja. Mwengine pete zake zimeungana katikati, kama tarakimu ya nane. Watazame mpaka uchoke ndipo useme. Wiki hii nzima nimewasema vibaya na Ustadha kafuta kazi yangu, bora angenitukana.

Nimekuchorea wote wawili, mmoja juu na mmoja chini. Wakubwa kama sahani ya chai. Niambie: yupi zimeachana, yupi zimeungana? Hilo tu. Usinambie wazuri.

Muhanna kaja leo, kaegesha gari juani, barafu linatiririka mpaka kwenye viti, na yeye anakula samosa zangu. Nimeifunga barua kwenye mfuko wa plastiki. Mwambie nimehesabu samosa.

Nizwa.

Sinan


Ibra, 17 Agosti 2024

Sinan,

Marahaba. Sote wazima. Shahad ananenepa. Paka kazaa kwenye kiti chako, vitoto zake nne, sasa huna kiti.

Umenifanyia mtihani. Mimi. Nimekulea tangu babako kafariki, nimekuogesha, nimekutoa skuli walipokuwa wanakucheka ulimi wako, nikakusomesha mwenyewe, na leo unanipa mtihani wa konokono kama mtoto wa darasa la kwanza. Jibu lako hili hapa. Wote wawili pete zao zimeungana. Wa juu na wa chini. Wewe hujui kuchora.

Mimi si konokono, Sinan. Usinitazame pembe na manyoya.

Nizwa siendi. Nimesema. Dada yangu Dalal alipasuliwa jicho kule Zanzibar, wakamwambia kesho utaona, na kesho yake ikawa giza, na miaka yote ilobakia ikawa giza. Mimi ndiye nilokuwa namshika mkono kumpeleka chooni. Hilo silizungumzi tena. Mtu akiona kidogo ni bora kuliko asione kabisa.

Samosa alikula mbili tu.

Tamima


Sur, 23 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Salamu kwa wote, na vitoto vya paka.

Habari ya bi Dalal hukuwahi kunambia. Pole. Sasa naelewa kwa nini. Lakini hiyo ni miaka sitini nyuma, na wewe mwenyewe umesema unaona mbuzi juu ya jabali. Anaeona mbuzi anaogopa daktari kwa nini?

Nimeziweka barua zako zote tatu kitandani, nimezitazama kama ninavyotazama konokono. Nguo ni yako. Hasira yako, mume wa Azza, unga mikononi, Dalal, yote yako, hakuna mwengine anaeweza kusema hivyo. Lakini pembe si zako. "Macho yangu ni nzima". "Vitoto zake". Wewe mikono ingekauka kwanza. Kwa hiyo maneno unasema wewe, na mkono ni wa mtu mwengine. Na barua zangu husomi, unasomewa. Kwa sauti, dirisha wazi.

Nikafikiri nani. Azza Kiswahili hajui, mumewe kaokota maneno machache tu. Mtaa mzima hakuna wa kukiandika, ila mmoja, na wazazi wake wa Pemba, na yeye kazaliwa Ibra, anasema kama anavyookota. Kwenye barua ya mwisho pana gamba la samaki. Si juu ya karatasi, shangazi. Liko chini ya wino, kalamu imepita juu yake. Na barua zote tatu zinamsifu au kumtetea mtu mmoja, tena hata sijauliza.

Muhanna. Najua ni wewe unaesoma. Kuanzia hapa nyamaza, usisome kwa sauti.

Nimekutukana na ulikuwa unasoma mwenyewe. Samahani kwa Bukra. Kwa samosa siombi samahani. Sasa nisikilize. Haoni. Nadhani haoni hata wewe ulivyo. Asipofika Nizwa mwaka huu, mwakani hatakuwa na cha kupeleka. Mpeleke. Sema unakwenda na samaki, sema lolote, lakini mfikishe. Mie nikiondoka kabla ya khareef kwisha, Ustadha atachukua mtu mwengine na sitarudishwa, na kazi nyengine ninayoiweza bila kusema na watu sijaiona duniani. Lakini ukinambia hendi, naondoka. Kesho yake naondoka.

Hapo hapo. Sasa endelea kusoma kwa sauti: Shangazi, bahari nzuri, nakula, sweta nalivaa.

Sinan


Ibra, 31 Agosti 2024

Sinan,

Salaam alaykum. Hii mimi mwenyewe, Muhanna, hakuna mtu ananiambia andika.

Ndiyo mimi. Tangu barua ya kwanza. Nilimpa karatasi mkononi, akaishika juu chini, akasema miwani imepotea, nisomee wewe. Miwani ilikuwa kichwani kwake. Nikasoma. Ya kujibu akanipa kalamu mimi. Mimi Kiswahili yangu ya barabarani, wewe unajua, sikusoma, nilikuwa nasikia tu mama akigombana na baba. Wewe ukaandika mambo ya maji, nikaona basi wanataka "ya", nikatia "ya" kila mahali. Sikujua inabadilika.

Matusi yako yote niliruka. Nilikuwa nasoma hivi: "Muhanna anasalimiwa."

Sasa hii barua ya juzi. Nimefika pale umesema nyamaza, nikanyamaza. Yeye akasema, mbona umenyamaza? Nikasema, anasema bahari nzuri. Akasema, Sinan hajawahi kusema kitu kizuri tangu azaliwe, soma. Nikasema, maandishi yamefutika. Akasema, soma Muhanna, ama toka na usirudi kula kwangu. Nikasoma yote. Mpaka ya haoni. Mpaka ya samosa.

Akachukua karatasi, akaiweka usoni karibu kabisa, inagusa pua. Akakaa hivyo. Kisha akasema nitoke.

Nimepita jana, mlango umefungwa. Nimepita leo, Azza kasema yuko ndani, hataki mtu. Chakula anapokea. Sasa wewe unataka nikuambie aenda ama hendi. Mimi sijui. Usiondoke huko kwanza. Kama ni kubaya nitakuja mwenyewe nikuchukue, gari ina nafasi mbele.

Samosa zilikuwa tatu. Mimi yeye nilimwambia mbili.

Muhanna


Sur, 14 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nani atakusomea hii.

Muhanna hajapita wiki ya pili. Gari la samaki linakuja na dereva mwengine, Mhindi, hajui chochote kuhusu barua, ananipa samaki. Nimepiga simu mbili kwako. Ya kwanza haikupokewa. Ya pili ilipokewa, nikaanza kusema, ulimi ukakwama kwenye "sh" ya shangazi, na mtu wa upande wa pili akakata. Sijui alikuwa nani. Kama ulikuwa wewe, hayo yalikuwa maneno yangu yote.

Upepo umeanza kulegea. Maji yanapata joto, na konokono wanapungua. Ustadha anasema wiki chache tena tunafunga kazi, na mwakani akija ananitaka. Alisema mbele ya watu wote, mie nikatazama viatu.

Bi Pete wa tarakimu ya nane nimempata jana, na nilimjua kabla Ustadha hajafika. Nilitamani kumwambia mtu.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Hata kwa mkono wa Mhindi.

Sinan


Ibra, 4 Oktoba 2024

Mwanangu Sinan,

Marahaba, na marahaba za barua zote ulizonipelekea. Magoti yanauma kama kawaida. Vitoto vya paka viwili vimechukuliwa, viwili vimebaki, na kiti chako kimeoshwa. Azza na Shahad wazima.

Mistari inapanda mlima, naijua. Jicho moja bado lina ukungu, linalofanya kazi ni la kulia. La kushoto wamenipa tarehe baada ya miezi miwili, na safari hii tarehe nimeiandika mwenyewe ukutani.

Nilikwenda Nizwa kwa gari la samaki. Wewe ndiye uliyetaka, tena ulisema nisipokwenda utaacha kazi. Nilikaa mbele na ubani mkononi, na bado tulipofika, mlinzi wa hospitali alituonyesha mlango wa jikoni. Muhanna alikaa nje siku zote zile, kazi yake akampa Mhindi. Siku ya kufunguliwa nilimshika mkono yule daktari, msichana mdogo, nikamwambia ikiwa ni giza usiniambie, nifunge tena. Akafungua, na cha kwanza nilichokiona ni pua yake, ina kipele.

Yule aliyekata simu ni mimi. Nilikuwa kitandani, jicho limefungwa. Nilisikia ule ulimi wako na nikajua nikisema neno moja nitalia, na daktari alikuwa amenikataza kulia. Hayo basi.

Nimerudi, nimechukua barua zote, zako na hizo zinazosemekana zangu, nimekaa mlangoni, nimezisoma kutoka ya kwanza. Sinan, mwanangu. Mimi niseme "chai yanaunguza"? Mimi niseme "vitoto zake"? Na wewe, niliyekuvunjia mwiko, umesoma barua tatu ndipo ukashtuka? Ile ya kwanza ilikutosha. Na sijawahi katika maisha yangu kusema kwamba Muhanna ni kijana wa maana. Nilisema ananuka. Nimemwambia hivyo leo, naye anakula kwangu hapa, anacheka, na ninamfundisha. Leo amejifunza "vitoto vyake". Anasema ni rahisi zaidi kuendesha gari.

Ule mtihani wako. Nimewatazama konokono wako kwa jicho langu, karibu dirishani. Muhanna hakukosea kitu, wala wewe hukuchora vibaya. Wa juu pete zake zimeachana kama ulivyozichora, na katikati yake pamepita tone la maji ya samaki kutoka mikono ya Muhanna, wino umekimbia, zikaungana. Ukipaka mate kidogo doa linajulikana. Basi mtihani wenyewe ulikuwa mbovu, mtahiniwa hakuwa mimi, na bado ukapata jibu. Usijisifu.

Bi Pete mzuri. Hana nyekundu hata kidogo. Nimewabandika wote kwenye friji, na mume wa Azza amekuja kuwatazama, ameuliza ndio wale.

Kila barua nilikuwa naimalizia kwa maneno mengine, na yule mwehu aliyaacha. Nimemuuliza kwa nini, anasema aliona haya kuyaandika kwa mkono wake. Sitayarudia. Yalikwishasemwa, na dirisha lilikuwa wazi, mtaa mzima uliyasikia ila wewe.

Jengine. Uliponiaga nilikwambia nakuona umekonda. Nilikuwa sikuoni. Mbele yangu palikuwa na kitu kirefu kina sauti yako. Nilisema umekonda kwa sababu shangazi yeyote angesema hivyo.

Kwa hiyo huko kukifungwa, usije na gari la jioni. Njoo mchana.

Shangazi yako,
Tamima